Ndama wa Mama Aloo

Kabla jua halijachomoza, mama yake Perez alikuwa ameshajitwika gunia lake la omena, dagaa wa ziwani, kwenda kuuza sokoni Katito. Kutoka mlangoni aliacha maagizo yale yale ya kila siku, kwa sauti ya mtu ambaye usingizi wake haujaisha: "Chai iko kwenye thamosi. Cliff aoshwe uso vizuri. Na ng'ombe, Perez. Ng'ombe kwanza."

Ng'ombe kwanza! Perez, binti wa miaka kumi na miwili aliyekuwa gredi ya sita, alikuwa akiyasikia maneno hayo hata ndotoni. Alichukua mundu na kamba, akajipaka maji usoni, akatoka. Shamba la majani lilikuwa juu kilimani, mwendo wa dakika arobaini kupanda na dakika kama hizo kushuka, tena kushuka na mzigo kichwani. Halafu amlishe ng'ombe, amvishe mdogo wake Cliff viatu, akimbie shuleni, akasinzie kwenye somo la Hisabati. Jioni kulikuwa na maji na vyombo. Baba yake, Mzee Joram, alikuwa bawabu mjini Kisumu na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama yake aliumwa goti, kilima alikuwa hakiwezi tena. Kwa hiyo kazi ya kilima ilikuwa ya Perez, wala hakuna aliyemuuliza kama anaiweza.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Nyar Maseno, yaani binti wa Maseno, kwa kuwa alinunuliwa huko. Pande hizo mke huitwa kwa jina la kwao, na watu wakaona ng'ombe naye apewe heshima hiyo. Hakuwa wa familia hivi hivi tu. Alitoka katika kikundi cha akina mama kilichoitwa Tich Tek, maana yake kazi ni ngumu, na waliokipa jina hilo hawakukosea. Sheria ya kikundi ilikuwa moja: anayepewa ng'ombe hunywa maziwa na kuuza, lakini ndama jike wa kwanza si wake. Akishafikisha miezi sita na akiwa na afya, hupewa mama anayefuata kwenye orodha.

Aliyefuata alikuwa Mama Aloo, mjane wa upande wa pili wa ua. Nyar Maseno alipozaa ndama jike, Mama Aloo alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni kumwona ndama wake, na kila alipokuja alishika matembele mkononi. "Bibi harusi wangu ameshindaje?" aliuliza akiwa bado nje ya lango. "Mnamtunza? Nisije nikaletewa mke amekonda, nitadai mahari yangu!" Mama yake Perez alicheka mpaka akasahau goti. Ndama alimjua mgeni wake, akamlamba mikono.

Basi, nyumba ilikuwa hivyo. Sasa sikilizeni jinsi ilivyoharibika.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ya kilimani ilikuwa tope tupu. Perez alipanda kidogo, akateleza, akapanda tena, akateleza tena, akakaa pale pale kwenye tope. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa kukufanya ujiulize kama kweli una miguu. Akatazama chini, akaona kando ya kijito nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, iliyoota yenyewe, haina mwenyewe. Ilikuwa ndefu kuliko mlango wa nyumba, na mashina yake yalikuwa manene kama mpini wa jembe.

Alikata mashina machache tu, kamba ikajaa. Kabla ya saa moja alikuwa nyumbani amekaa, anakunywa chai. Haki, ilikuwa chai tamu!

Ilitokea kwamba mama yake alisahau mizani yake, akairudia asubuhi hiyo. Aliuona ule mzigo umesimama kando ya hori, akashika kiuno. "Wuololo! Mwanangu, leo umeleta mzigo wa mwanamume! Shamba la juu limekubali kweli mwaka huu."

Perez angeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini mtu aliyechoka akisifiwa huona ugumu kuikataa sifa. "Ndiyo, Mama," alisema, "limekubali."

Kesho yake akarudi kijitoni, na keshokutwa. Mwezi wa sita ulipoingia, mguu wake haukuwa umekanyaga kilima hata mara moja.

Nyar Maseno alikula. Hilo ndilo lililomtuliza Perez. Alitafuna mashina yale, kru, kru, kru, asubuhi na jioni, tumbo likajaa kama ngoma. Lakini maziwa yalianza kupungua. Kutoka lita kumi kwa siku yalishuka hadi nane, kutoka nane hadi sita. Kisha mama alikamua, akachungulia ndani ya ndoo, akakamua tena, akapata lita nne. Manyoya ya ng'ombe yalisimama, na mifupa ya nyonga ikatokeza. Ndama naye mbavu zake zilihesabika. Cliff, ambaye alizoea kikombe chake cha maziwa jioni, alipewa nusu, kisha akapewa uji mkavu, usio na maziwa.

"Anakula vizuri, tumbo limejaa, na majani mazuri mwanangu anayaleta," mama alilalamika kwa wanawake wenzake sokoni. "Ni nini basi?"

Wanawake wakatazamana. Ni nani, mmoja akauliza, anayesimama kwenye zizi lako kila jioni na kusifu? Ni nani anayemtazama ndama yule mpaka mate yanamtoka? Pande hizo wapo wanaoamini kwamba kuna macho yakikisifu chakula, chakula huharibika. Mama yake Perez aliwakatalia. Siku ya pili aliwakatalia tena, lakini kwa sauti ndogo. Siku ya tatu alinyamaza. Alikuwa amechoka yeye naye, na mchovu hushika jibu lolote analopewa mradi alale.

Jioni hiyo Mama Aloo alikuja na matembele yake kama kawaida. "Bibi harusi wangu—"

"Mama Aloo," mama alimkata, akiwa amesimama katikati ya lango. "Naomba usije tena kwa ndama. Ngoja mpaka kikundi kikae."

Perez alikuwa jikoni anapuliza moto, akaacha kupuliza.

"Nimefanya nini?" Mama Aloo aliuliza.

"Sijasema umefanya. Nimesema usije."

Mama Aloo alielewa. Ni mwanamke gani wa huko asingeelewa? Aliyaweka matembele chini polepole, nje ya lango, akaenda zake. Perez aliona mgongo wake kupitia nafasi ya ukuta. Moshi ulimwingia machoni, na hata baada ya moshi kuisha machozi hayakuisha.

Tangu siku hiyo Mama Aloo hakupita tena mbele ya boma lao. Njia ya kisimani ilipita pale pale langoni, lakini yeye alizunguka nyuma ya kanisa na mtungi wake wa maji, njia mara mbili kwa urefu, juani. Watoto shuleni walianza kunong'ona. Msichana mmoja alificha mkate wake Mama Aloo alipopita. Perez aliona, akainamisha kichwa.

Wiki mbili baadaye alikuja Bwana Mukhwana, afisa wa mifugo, kwa pikipiki iliyojaa matope. Naye alionekana hajalala vizuri. Alikuwa mmoja, na ng'ombe walikuwa wengi. Aliangalia macho ya Nyar Maseno, ufizi, kiwele. Alimpima joto. Kisha akafanya jambo lililomshangaza Perez. Aliokota kijiti, akachuchumaa kwenye kinyesi cha ng'ombe, akakichambua.

"Mama, unamlisha nini?"

"Nepia changa, daktari, imechanganyika na desmodiamu. Niliipanda mwenyewe kule juu."

Bwana Mukhwana aliinua kijiti. Zilining'inia hapo nyuzi ndefu, ngumu, kama za gunia. "Hiki si kinyesi cha nepia changa. Hizi ni nyuzi za mashina yaliyokomaa. Nepia ikatwe ikifika kiunoni mwa mtu mzima, na isipite kifua. Hapo ina majani mengi na shina laini, na ndipo penye maziwa. Ikipita kichwa, hiyo ni kuni. Ng'ombe ataitafuna mchana kutwa, ashibe, na bado afe njaa. Nimeshawaona wengi."

"Nepia yangu haijapita kifua. Mtoto wangu hupanda kila siku kuikata."

Afisa alimtazama Perez. Hakumtazama kwa ukali, na afadhali angefanya hivyo. "Ni kweli, binti?"

"Daktari," mama alijibu kabla ya Perez, na sauti yake ilikuwa na fahari, "huyu wangu hadanganyi. Nina watu wachache wa kuwategemea duniani, na huyu ni wa kwanza."

Bwana Mukhwana alikitupa kijiti, akajifuta mikono kwa nyasi. "Sawa, Mama. Lakini mimi na mavi ya ng'ombe tumejuana miaka mingi, na hayajawahi kunidanganya." Akaacha jiwe la chumvi la kulambwa, akawasha pikipiki.

Jioni mama alimpigia Baba simu. Perez alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ulitosha. Kikundi kingekutana Jumamosi hapo hapo nyumbani. Mama angeomba Nyar Maseno apelekwe kwa mchinjaji kabla hajafia zizini. Na kuhusu ndama, angeomba jina la Mama Aloo liondolewe kwenye orodha, ndama apewe mtu mwingine. "Sitaki ugomvi, Baba Perez," alisema. "Nataka tu nipumzike."

Ijumaa baada ya shule Perez alipanda kilima. Hakuna aliyemtuma. Alifika juu akihema, akasimama. Shamba lilikuwa limegeuka msitu. Nepia aliyoiacha kiunoni ilikuwa imempita kichwa mara mbili, na desmodiamu, ule mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ilikuwa imetambaa humo ndani ikitafuta jua. Alisimama katikati ya majani yaliyopaswa kuwa maziwa ya Cliff, akaona ametengeneza mashahidi elfu. Kila shina lilikuwa likisema: hakuja, hakuja. Alikata shina moja, refu kuliko yote, akashuka nalo.

Jumamosi akina mama walikuja, wakakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki kivulini mwa nyumba. Mama Achola, mwenyekiti wa Tich Tek, alifungua kwa sala. Mama Aloo alikaa mwisho kabisa, karibu na ua, na viti viwili kila upande wake vilikuwa vitupu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Mama yake Perez alisimama. Alieleza habari za maziwa, na mbavu, na mchinjaji. Alipofika kwenye jambo la orodha, alitazama chini. "Mnajua ninachotaka kusema," alisema. "Msinilazimishe kumtaja mtu."

"Mama, ngoja."

Wote wakageuka. Perez alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameshika shina la nepia refu kuliko yeye kama askari aliyeshika mkuki.

"Mimi sijapanda kilima tangu mwezi wa tano. Majani nilikuwa nakata kijitoni, yale makubwa. Hili nimelitoa shamba letu jana. Limekua hivi kwa sababu sikuenda." Akamtazama mama yake. "Daktari alisema kweli. Mama Aloo hajafanya kitu. Ni mimi."

Kuku mmoja alipita katikati ya mkutano kana kwamba naye ni mwanachama. Mama yake Perez alikaa chini taratibu, akishika goti.

"Nilisema mtoto wangu hadanganyi," alisema, si kwa Perez, si kwa yeyote. "Nilimwambia daktari." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na ule mzigo mkubwa nikausifu mimi mwenyewe. Sikuugusa hata kwa kidole."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona mama mmoja. Mama Achola alimkazia macho, mnong'ono ukaisha. Kisha mwenyekiti akageukia upande wa ua. "Aloo, umekosewa wewe. Sema unachotaka."

Mama Aloo hakusimama. Alikunja mikono mapajani. "Nataka nini? Wiki tatu nimezunguka nyuma ya kanisa na mtungi kichwani. Watoto wanaficha chakula wakiniona. Mnaweza kunirudishia hizo wiki tatu? Hamuwezi." Akapumua. "Nimechoka, mwenyekiti. Hata kukasirika nimechoka."

Mama yake Perez aliinuka, akachechemea na goti lake mpaka mwisho wa mikeka, akakaa kwenye kimojawapo cha vile viti vitupu. "Nisamehe, dada," alisema. "Nilikufungia lango." Akalia waziwazi, mbele ya watu. Mama Aloo alimwacha alie kwanza. Baadaye alitoa leso kifuani, akampa.

"Ng'ombe asiende kwa mchinjaji," Mama Aloo alisema hatimaye. "Shamba la juu likatwe lote, lichipuke upya. Itachukua wiki sita hivi. Mpaka hapo nina matembele mengi kuliko ninayoweza kula, tutayaacha yanyauke kidogo kwanza, ndipo ale. Na kwenye hiyo nepia ndefu tumpe majani tu, mashina yatupwe." Ndipo akamtazama Perez kwa mara ya kwanza. "Na wewe. Jumatatu saa kumi na mbili nitakuwa chini ya kilima. Usinichelewe."

Jumatatu Perez alifika kabla ya wakati. Walipanda, Mama Aloo mbele, pumzi zao zikisikika. Nusu ya njia mama yule alikaa juu ya jiwe, akapiga jiwe lingine kwa kiganja: kaa.

"Ni mbali kweli," alisema. "Mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba umechoka."

Perez alichorachora ardhi kwa ncha ya mundu. "Mama naye amechoka. Niliona nikisema nitamwongezea."

"Na ulivyonyamaza, ulimpunguzia?" Mama Aloo aliuliza, lakini hakungoja jibu. "Sikiliza, nyathina, mwanangu. Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, mama yako amechoka, hata daktari yule wa pikipiki amechoka. Mchovu akisema, atapata mtu wa kumshika mkono. Lakini ukiuficha uchovu wako ndani ya uongo, mzigo hauishi. Unakwenda kumwangukia mtu mwingine ambaye hata hajui umetoka wapi. Wako uliniangukia mimi." Akainuka akishika kiuno. "Haya. Majani hayajikati."

Tangu siku hiyo kazi iligawanywa. Siku tatu za wiki alipanda Mama Aloo, siku tatu Perez, na siku ya saba mama yake alinyausha matembele nyumbani. Nepia ilipochipuka, Perez aliipima kwa mwili wake mwenyewe: ikimfika kifuani, ikatwe, ikipita kidevu, amechelewa. Mama yake naye hakusifu tena mzigo bila kuufungua. Alivunja shina, akalitazama, akahesabu majani, ndipo akasema asante.

Nyar Maseno hakupona kwa siku moja. Maziwa yalipanda polepole, lita tano, sita, mwishowe nane, yakagoma hapo. Lita kumi hazikurudi uzao ule. Ndama naye hakuwa tayari alipofikisha miezi sita. Ilibidi Mama Aloo angoje miezi miwili zaidi, na kila siku ya miezi hiyo Perez aliihesabu.

Siku ya kukabidhi, akina mama wa Tich Tek walikuja na nyimbo. Ndama alikuwa amenona, manyoya yanang'aa. Mama yake Perez alichukua kamba akampa mwanawe. "Mpe wewe," alisema.

Perez aliikabidhi kamba kwa mikono miwili. "Mama Aloo," alisema, "bibi harusi wako. Samahani kwa kumchelewesha."

Mama Aloo alimzunguka ndama, akamshika mbavu, akamtazama meno kama mkwe mkali. "Hm!" alisema mwishowe. "Mahari yangu sidai."

Vigelegele vikapigwa. Akamwongoza ndama nje ya lango, na hapo penye njia panda akasimama. Kushoto kulikuwa na njia ya kuzunguka kanisa. Kulia kulikuwa na njia fupi, ile inayopita mbele ya boma la kina Perez hadi kwake, ambayo hakuwa ameirudia tangu afungiwe lango. Mama Aloo alivuta kamba, akashika ya kulia.